Mashine ya kunyonya gesi ya friji inapogoma: anza na mipira, mtungi na stima

Mashine nyingi zinazoletwa kibandani kwangu Kisumu zikiwa "zimekufa" hazijafa. Zinafika zimefungwa kamba kwenye keria ya matatu, nyingine kutoka Busia, nyingine Kakamega, na mwenyewe tayari ameshafungua kifuniko, amepoteza skrubu mbili na kumlaani aliyemuuzia. Mimi huanza kwa kumwuliza vitu ambavyo hakuvileta: mipira yake ya kupitishia gesi iko wapi, mtungi wake uko wapi, na ekstensheni anayotumia ni ipi. Mara nyingi ugonjwa umebaki huko nyumbani na vitu hivyo.

Nazungumzia ile mashine ambayo wengine huiita rikavari: inanyonya gesi kutoka kwenye friji, AC au chumba cha baridi na kuisukuma mtungini, badala ya fundi kufungua valvu na kuiacha ipige mluzi hewani. Ule mluzi, kwa gesi kama R-22, ni kosa. Kenya ina kanuni za tangu mwaka 2007 kuhusu kemikali zinazoharibu tabaka la ozoni, na NEMA, mamlaka ya mazingira, ndiyo inayozisimamia. Ukiacha sheria kando, ni hasara pia. Nchi zinazoendelea zinatakiwa ziwe zimeachana na R-22 karibu yote kufikia 2030, kwa hiyo kila kilo unayoitoa safi leo itakuwa na wateja kesho.

Kabla ya yote, soma kibandiko

Tafuta kibandiko cha friji kinachotaja gesi. Kikisema R-22, R-134a, R-404A au R-410A, endelea. Kikisema R-600a au R-290, simama. Hizo ni jamaa za gesi ya kupikia. R-600a imo kwenye friji nyingi mpya za nyumbani, na cheche moja ya swichi ndani ya mashine ya kawaida inatosha kuiwasha. Kazi hiyo inataka mashine iliyoundwa kwa gesi zinazowaka na fundi aliyefundishwa kuitumia. R-32 ya AC mpya nayo huwaka, ingawa kwa ugumu zaidi. Angalia kama kijitabu cha mashine yako kinaitaja kwa jina, kisipoitaja, usijaribu.

Ukiitwa kiwanda cha barafu au cha maziwa ukakutana na harufu kali inayokata pua na kutoa machozi, usifungue hata begi. Hiyo ni amonia. Inakula shaba, na mashine zetu zimejaa shaba na brasi, lakini zaidi ya hapo inakula mapafu. Toka nje, toa watu, waachie wenye vifaa vya kupumulia.

Na kwa wanaoshughulika na AC za magari: kuna R-134a bandia duniani iliyochanganywa na R-40, kemikali ambayo ikikutana na aluminiamu hutengeneza kitu kinachowaka kikigusa hewa. Mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyotiwa gesi ya namna hiyo yalilipuka na kuua mafundi. Gari likija na historia ya kujazwa kutoka mtungi wa bei rahisi ya kushangaza, usinyonye gesi yake kwenye mtungi wako mzuri.

Glavu, miwani, dirisha wazi. Gesi hizi ni nzito kuliko hewa. Katika chumba cha baridi kilichofungwa zinakaa chini na kumnyima pumzi fundi aliyechuchumaa. Wala usiwashe sigara wala tochi ya kuchomelea karibu na uvujaji: R-22 ikipita kwenye moto hutoa moshi wenye sumu.

Dalili: haiwaki kabisa

1. Soketi haina stima, au ekstensheni imekatika ndani. Chomeka taa ya mezani pale pale mwisho wa ekstensheni, si ukutani. Nimewahi kumrudisha mtu Bondo na mashine yake ileile na ushauri wa kununua plagi mpya.

2. Swichi ya presha ya juu imejifunga tangu kazi ya jana. Kwenye mashine nyingine inarudi yenyewe presha ikishuka, kwenye nyingine kuna kitufe cha kubonyeza. Tazama geji (saa ya kupimia presha) ya upande wa kutoa: ikiwa bado imepanda, shusha presha kwanza. Kubonyeza tu hakusaidii.

3. Waya wa mtungi. Baadhi ya mashine zina tundu dogo la waya unaokwenda kwenye kielea ndani ya mtungi, kile kinachozima mashine mtungi ukijaa asilimia 80. Tundu hilo likiwa wazi, bila waya na bila kile kiziba chake, mashine inaamini mtungi umejaa na inakataa kuwaka. Kiziba hicho ni kidogo kama kifundo cha kidole na hupotea kama sindano kwenye majani.

4. Fyuzi au breka ya mashine yenyewe. Badilisha fyuzi mara moja. Ikiungua tena usitie kubwa zaidi.

5. Mashine si ya stima yetu. Hii huja na mitumba: kibao nyuma kinasema 115V, 60Hz, kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya Marekani. Mtu akaichomeka kwenye 240V, ikanguruma sekunde mbili, ikatoa moshi. Ikiwa bado hujaichomeka, inahitaji transfoma ya kushusha yenye uwezo wa kutosha, na hata hapo mota iliyoundwa kwa 60Hz itazunguka polepole na kupata joto zaidi kwenye 50Hz yetu. Ikiwa tayari imetoa moshi, sina tiba ya bei nafuu.

Yote hayo yakiwa sawa na bado kimya, hapo ndipo kifuniko kinafunguliwa, stima ikiwa imechomolewa. Kumbuka kapasita, kile kifaa kinachosaidia mota kuanza, hushika chaji hata baada ya kuchomoa. Kama hujui kuitoa chaji hiyo salama, mpe fundi wa mota.

Dalili: inanguruma lakini haizunguki, au breka inaanguka

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kwamba mashine inajaribu kuanza huku inasukuma ukuta. Kompresa yake ndogo, yaani pampu inayoshindilia gesi, haipendi kuwaka presha ikiwa juu upande wa kutoa. Zima, geuza nobu kwenye nafasi ya kusawazisha presha kama kijitabu chako kinavyoonyesha, geji za pande mbili zikaribiane, kisha washa huku valvu ya kuingiza imefungwa. Ikishachanganya, fungua kidogo kidogo.

Ya pili ni stima dhaifu. Vijijini, jioni watu wanapowasha taa na runinga zote, 240V ya kwenye karatasi inaweza kufika kwako imechoka. Ongeza ekstensheni ya mita hamsini yenye waya mwembamba na mota haipati nguvu ya kuanza. Pima kwa mita pale plagi ya mashine inapoingia, tena wakati mashine inajaribu kuwaka. Kupima soketi isiyobeba mzigo ni kama kumpima mtu nguvu akiwa amelala. Ikishuka chini ya 210V hivi, tafuta waya mnene (2.5 mm²) na mfupi, au subiri usiku upite.

Na jenereta. Jenereta ndogo ya kuwasha taa na kuchaji simu haiwashi mashine hii, hata kama inaimba vizuri. Halafu kuna jambo ambalo wenzetu wa Nakuru na Eldoret hulisahau: injini inavuta hewa nyepesi huko juu, kwa hiyo jenereta hupoteza kama sehemu ya tano ya nguvu iliyoandikwa kwenye kibao chake. Iliyotosha Kisumu inaweza kushindwa Nakuru.

Kapasita dhaifu inakuja ya tatu. Ya nne ni pistoni iliyokwama kwa uchafu au mafuta yaliyoganda, hasa mashine iliyokaa kabatini mwaka mzima bila kusafishwa baada ya kazi ya mwisho. Pistoni ikikwama usiilazimishe kwa kuwasha na kuzima mara kumi. Mota itaungua na gharama itakuwa mbili.

Dalili: inavuta polepole, kazi ya nusu saa inachukua mchana kutwa

Hapa ndipo watu hunung'unika zaidi, na hapa ndipo mashine huwa haina hatia kabisa.

Angalia sindano. Kwenye kila valvu ya kuchajia kuna kisindano cha ndani, ndugu wa kile cha tairi la baiskeli. Mpira unakibonyeza na gesi inapita pembeni yake, kwenye nafasi ndogo mno. Ukiking'oa kwa kile kifaa maalumu kinachokitoa bila kuachilia gesi, utaona geji inaanguka kwa kasi uliyoisahau. Kifaa hicho si ghali, na ningeshauri ukinunue kabla ya mashine ya pili.

Kisha mipira. Mipira mirefu ya robo inchi inakaba, na mipira mitatu iliyounganishwa kwa kuwa gari lilikuwa mbali inakaba mara tatu. Kagua raba za mwishoni: zikishindiliwa sana zinavimba ndani na kuziba tundu. Tumia mfupi na mnene kadiri uwezavyo.

Filta ya kuingilia. Kila kazi inapaswa kuwa na filta, na filta ina mwisho wake. Ukigusa na kukuta upande mmoja una joto la kawaida na mwingine una jasho au barafu, imeziba. Baada ya kunyonya mfumo ambao kompresa yake iliungua, filta hiyo itupe bila kuihurumia, maana imejaa asidi.

Unanyonya mvuke tu wakati kuna likwidi, yaani gesi iliyo majimaji. Mfumo wenye gesi nyingi, kama chumba cha baridi cha samaki au kipoza maziwa cha ushirika, una likwidi iliyolala chini. Anza kuitoa likwidi kutoka upande wake, mvuke baadaye. Kama gesi inazidi kilo saba hivi na mfumo una pa kuishika likwidi, tumia njia ya kusukuma na kuvuta: mashine inavuta mvuke kutoka mtungini na kuusukuma kwenye mfumo, na likwidi inapita mpira wake yenyewe kuingia mtungini bila kupitia mashine. Ni ya haraka ajabu. Ni ya hatari pia kwa asiyeangalia mizani, kwa sababu likwidi ikishaanza kutiririka inaweza kuendelea hata baada ya mashine kujizima. Kielea hakitakuokoa. Kinachokuokoa ni macho yako kwenye mizani na mkono wako kwenye valvu.

Gesi imejificha kwenye mafuta. Geji inafika chini, unazima, inapanda tena, unawasha, inashuka, na mchezo unaendelea. Mara nyingi ni gesi iliyoyeyuka kwenye mafuta ya kompresa, au sehemu ya mfumo iliyoganda baridi. Weka matambara yaliyochovywa maji ya moto kwenye tumbo la kompresa na kwenye akyumuleta (kile kichupa kinachonasa likwidi isifike kompresa), washa feni za mfumo kama inawezekana. Usitumie moto, hata kidogo.

Yote haya yakiwa safi, jaribu mashine peke yake: funga upande wa kuingiza kabisa, iache inyonye mpira mfupi uliozibwa, utazame geji. Ikishindwa kushuka, au ikishuka na kupanda haraka ukizima, sili za pistoni au vijiulimi vya valvu vimechoka. Hivyo vinauzwa kama kifurushi cha matengenezo kwa modeli nyingi. Lakini kabla ya kukiagiza, soma sehemu inayofuata.

Dalili: haifiki vakyumu (utupu) iliyoandikwa kwenye kijitabu

Rafiki yangu wa Nakuru alinitumia mashine yake kwa gari. Malalamiko: "Geji inafika 19 tu, kitabu kinasema 25, imechoka." Niliiweka mezani Kisumu, ikafika 21. Nikampigia simu kumwambia imepata nafuu njiani. Hakucheka.

Hesabu yake ni hii. Geji zetu hazipimi utupu. Zinapima tofauti kati ya kilicho ndani na hewa iliyo nje. Baharini hewa ya nje inasukuma kwa kiasi cha inchi 29.9 za zebaki. Kisumu, karibu mita 1,130 juu ya bahari, inasukuma kama inchi 26. Nakuru, mita 1,850 hivi, ni karibu 24. Eldoret, mita 2,100, ni kama 23. Kwa hiyo mashine inayobakiza inchi 5 za hewa ndani ya mfumo itaonyesha 25 Mombasa, 21 Kisumu, 19 Nakuru na 18 Eldoret, na katika miji yote minne imefanya kazi ileile. Geji inayoonyesha 29 Nakuru ndiyo mbovu.

Hapo hapo inazaliwa dalili nyingine: mashine ambayo haijizimi. Kama swichi yake ya kujizima imepangwa kwa kipimo cha geji kama 20, huko Nakuru inaweza kuendelea kuzunguka hadi jua litue bila kukifikia. Izime mwenyewe, subiri dakika tano, uone kama geji inapanda. Isipopanda, kazi imekwisha.

Ikiwa baada ya kutoa tofauti ya mwinuko bado kuna upungufu, tafuta hewa inayoingia: raba za mipira, valvu ambayo haikukazwa, geji iliyogongwa ambayo sindano yake hairudi sifuri ikiwa wazi. Mashine yenyewe iwe ya mwisho.

Na tafadhali, hii si vakyumu pampu. Kazi yake ni kutoa gesi. Kukausha mfumo kabla ya kujaza ni kazi ya pampu nyingine.

Dalili: inazima katikati ya kazi, geji ya kutoa iko juu sana

Swichi ya presha ya juu kwenye mashine nyingi hukata karibu psi 550 (psi ni kipimo cha presha). Haikati kwa uchokozi. Fuata mpangilio huu:

1. Valvu ya mtungi imefungwa, au imefunguliwa nusu. Usione haya, sote tumefanya. Pia angalia kama mpira wa upande wa kutoa una kibonyezeo kisicholingana na valvu.

2. Mtungi umepata joto. Kisumu saa nane mchana, mtungi juani kwenye sakafu ya saruji, na mashine inausukumia gesi moto: presha itapanda tu. Uweke kivulini, usimamishe ndani ya karai la maji baridi, au uufunike gunia lililoloweshwa. Mizani nayo isisahauliwe ndani ya maji.

3. Mtungi umejaa. Hapa sitaki mzaha. Likwidi ikijaza mtungi wote halafu joto likapanda, haina pa kutanukia, na chuma kitapasuka. Tazama herufi zilizogongwa shingoni: WC ni uwezo wake wa maji, TW ni uzito wake mtupu. Kwa R-22, R-134a, R-404A na R-410A, chukua WC kwa kilo, zidisha kwa 0.8, jumlisha TW, na hapo ndipo mizani isimame. Mtungi wenye WC ya kilo 11.9 na TW ya, tuseme, kilo 7.5, usizidi kilo 17 kwenye mizani. R-32 ni nyepesi kuliko hizo, ipunguzie zaidi. Mtungi wa kutupwa, ule uliokuja na gesi mpya, haujazwi tena hata nusu. Hauna mwili wa kazi hiyo.

4. Kondensa ya mashine, ile koili inayopoza gesi, ina vumbi, au feni haizunguki. Pulizia hewa kutoka ndani kwenda nje. Feni ikiwa imesimama, zima kabisa hadi itengenezwe.

5. Mtungini kuna hewa au mchanganyiko wa gesi. Acha mtungi wenye likwidi kivulini usiku kucha ukiwa umefungwa, asubuhi pima joto la chuma, kisha pima presha. Kwa nyuzi 30, R-134a inapaswa kuwa karibu psi 97, R-22 karibu 158, R-404A karibu 190, R-410A karibu 260. Ongeza 2 ukiwa Kisumu, 3 ukiwa Nakuru, kwa sababu ileile ya mwinuko. Joto likiwa tofauti, tumia jedwali la gesi hiyo. Ikizidi kwa 15 na zaidi, kuna mgeni humo ndani. Kama una hakika ni gesi moja iliyoingiwa na hewa kidogo, fungua valvu ya mvuke kwa sekunde mbili tatu tu, funga, subiri dakika kumi, pima. Isiposhuka baada ya mara mbili, ni mchanganyiko. Uandike mtungi kwa rangi isiyofutika, na usimjazie mteja yeyote kutoka humo.

6. Swichi yenyewe mbovu. Inatokea, lakini mara chache. Badilisha na ya aina ileile. Nimeona mashine ambayo mtu aliunganisha waya moja kwa moja ili swichi hiyo isimsumbue; bahati yake ni kwamba kilichopasuka kilikuwa mpira, na alikuwa amekwenda kununua chai. Ukikuta mashine imeunganishwa hivyo, usiiwashe.

Dalili: inagonga kama nyundo

Ni likwidi inaingia kwenye pistoni kwa wingi. Punguza valvu ya kuingiza mara moja hadi mlio utulie, au geuza nobu kwenye nafasi ya likwidi kama ipo. Ikitulia, endelea hivyo hivyo kwa subira. Ikiendelea kugonga hata valvu ikiwa imefungwa, zima: kuna kitu kimevunjika ndani, na kila mzunguko unasaga zaidi.

Dalili: geji inashuka lakini mizani haipandi

Mfumo ulikuwa mtupu tangu mwanzo. Ndiyo, hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Mteja aliita fundi kwa kuwa friji haipoi, na haipoi kwa kuwa gesi ilishavuja wiki iliyopita. Sasa unanyonya hewa na kuitia mtungini, ndipo ule ugonjwa namba 5 hapo juu huzaliwa. Kwa hiyo pima presha ya mfumo kabla ya kuwasha. Ikiwa sifuri, hakuna cha kunyonya.

Vinginevyo gesi inavuja upande wa kutoa. Paka povu la sabuni ya kufulia kwenye viungo vyote. Au mpira wenyewe umeegemea mtungi na kuubeba, mizani ikadanganywa, ulegeze.

Dalili: kazi ya leo imetoka na gesi ya jana

Ulimaliza, ukazima, ukafungasha. Ndani ya kondensa ya mashine kulikuwa kumebaki likwidi, na leo imeingia kwenye mtungi wa gesi nyingine. Kila kazi ikiisha: funga upande wa kuingiza, geuza nobu kwenye kujisafisha, subiri geji ishuke, funga valvu ya mtungi mashine ingali inazunguka, zima. Ukifungua mipira kumbuka likwidi iliyonaswa kati ya valvu mbili. Inaunguza ngozi kwa baridi, na ikiachwa juani inaweza kuupasua mpira.

Mahali pa kuweka spana chini

Mtungi wenye kutu iliyochimba, uliobonyea au uliovimba, au ambao tarehe ya kupimwa iliyogongwa shingoni imeshapita (mitungi mingi hupimwa kila miaka mitano), haujazwi. Usijaribu hata kuumalizia gesi iliyomo, mpigie aliyekuuzia.

Mashine inayokutekenya ukiigusa ina stima kwenye bodi. Chomoa ukutani, si kwa kubonyeza swichi, na kagua waya wa ardhi wa nyumba hiyo kabla ya kulaumu mashine. Nyumba nyingi za kupangisha ninazoingia zina soketi yenye tundu la tatu ambalo halikuunganishwa na kitu chochote.

Gesi isiyotambulika, harufu ya kuungua kutoka kwenye mota, mafuta meusi yenye ukali ukiyanusa kutoka mfumo wa mteja: hizo tatu ukizipata kwa pamoja, funga valvu zote na umwite mwenye kifaa cha kutambua gesi. Mwambie mteja friji haitawaka leo. Atalalamika. Mwache alalamike huku wewe unakazia vifuniko vya valvu.